Mimi nilitoa sadaka ya shukrani, mwenzangu akaenda gereza la Karanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni dereva mstaafu, mkazi wa Pasua hapa Moshi, nina miaka 63. Nimeendesha Coaster kati ya Moshi na Arusha kwa miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa utingo wa lori la mahindi. Kilichonifanya nishike kalamu ni jibu nililopewa katika shule anayosoma mjukuu wangu.

Hiace ya shule hupita kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jumanne moja mwezi uliopita nilimsindikiza mtoto hadi barabarani, akapanda, na gari likawa haliondoki. Nikasogea upande wa dereva nikamkuta amelaza kichwa kwenye usukani. Nikagonga kioo. Akashtuka, macho mekundu kama aliyekaa kwenye moshi, akaniamkia: "Shikamoo mzee." Nikaitikia, nikamuuliza amelala saa ngapi. Akaniambia bila kuficha kwamba usiku ule alipeleka watu wa harusi Same, akarudi saa tisa, akaoga, akawasha gari la watoto. Kijana ana adabu na wala hanywi. Nilimwambia ashuke anawe uso, akanawa kwa maji ya bombani kwetu, akaondoka na watoto kumi na saba.

Saa mbili nilikuwa shuleni. Anayesimamia usafiri alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mzee wangu, yule kijana yuko nasi mwaka wa nne sasa. Hajawahi kupata ajali hata moja."

Mhariri, maneno hayo yamekaa kifuani kwangu tangu siku ile. Hajawahi kupata ajali. Na mimi kwa miaka 19 nilikuwa dereva ambaye hajawahi kupata ajali. Nilisifiwa hivyo na matajiri watatu walioniajiri, nilisifiwa hivyo kanisani, hata mke wangu alijivunia. Naomba nieleze sifa hiyo ilisimama juu ya nini.

Desemba 2008. Wanaoifahamu Kilimanjaro wanajua Desemba yetu ikoje. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, stendi haipitiki, abiria anakubali kukaa hata kwenye ndoo iliyofunikwa gunia. Tajiri naye anapandisha hesabu, yaani fedha unayompelekea kila siku. Ile ya siku za kawaida unaiweza kwa tripu nne, ya Desemba inataka tripu sita au saba, na ukishindwa, nje kuna madeiwaka, madereva wa kutwa, kumi wanaosubiri ufunguo. Mkataba hatukuwa nao. Nilikuwa nalala muda wa saa tatu tu, wakati mwingine mbili, ndani ya gari lenyewe ili nisipoteze muda wa kwenda nyumbani.

Tarehe 23, kama saa nane mchana, nilikuwa natoka Arusha nimejaza. Ile sehemu ukishapita njia panda ya KIA, barabara imenyooka, nchi kame, upepo wa moto unaingia dirishani. Abiria wamelala. Nikalala na mimi. Sikumbuki kufumba macho. Nakumbuka kelele ya konda na mlio wa changarawe chini ya gari. Tulikuwa tumeshatoka lami upande wa kushoto, tunakimbia juu ya vumbi na miiba. Nilipolirudisha gari barabarani ndipo nikamwona mtoto wa Kimasai na mbuzi wake, mbele yetu kidogo, amesimama ametukodolea macho. Kama tungeendelea kule pembeni kwa muda wa kuhesabu moja mpaka nne, tungempitia yeye na mbuzi wote.

Abiria walipiga yowe, kisha wakaanza kuomba. Mama mmoja alinipa shilingi elfu mbili tulipofika Moshi, akasema, "Baba, Mungu anakupenda." Jumapili tarehe 28 nilisimama mbele ya usharika nikatoa sadaka ya shukrani kwa kuokolewa. Wakaimba. Watu walinishika mkono mlangoni. Hakuna hata mmoja, na nimelifikiria sana jambo hili, hakuna hata mmoja aliyeniuliza: ulikuwa umelala kwa muda wa saa ngapi? Jumatatu nilikuwa stendi saa kumi na moja alfajiri, nimelala muda wa saa tatu tu.

Jumanne tarehe 30, mwenzangu niliyekuwa napokezana naye foleni, tuliyekuwa tunakula sahani moja ya kiburu pale nyuma ya stendi, alisinzia upande wa Weruweru. Hesabu yake ilikuwa ileile, usingizi wake uleule, naye aliingia pembeni, kushoto, kama mimi. Pembeni pale alikuwa amesimama mama na ndoo ya ndizi anasubiri gari. Alifariki palepale.

Mwenzangu alikimbia hadi kituo cha polisi, maana alijua wananchi wangemmaliza. Hata kukimbia huko kukahesabiwa ni ukatili wa pili. Jioni ileile stendi nzima ilishakuwa na maneno: yule siku zote alikuwa anachapa mwendo, yule hana utu, yule alikuwa mlevi. Mhariri, alikuwa hanywi kabisa. Watu waliokuwa wanamwita fundi juzi waligundua kwa saa mbili kwamba alikuwa mtu mbaya tangu zamani. Alihukumiwa miaka mitatu. Watoto wake walitaniwa shuleni kuwa ni watoto wa muuaji, mpaka mkubwa akaacha kwenda.

Nilikwenda kumtembelea gereza la Karanga mara mbili tu, na hilo nalijutia. Mara ya kwanza tulikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, "Kaka, siku ile wewe kule KIA, pale ulipotokea pembeni kulikuwa na mtu?" Nikamwambia hapakuwa na mtu, kulikuwa na mtoto mbele, sikumfikia. Akatikisa kichwa. "Mimi alikuwepo."

Hakusema zaidi.

Binti yangu wa mwisho anasoma sheria pale Makumira. Nilipomsimulia habari hii mwaka jana, kwa mara ya kwanza maana nilikuwa sijawahi kuisema nyumbani, aliniambia kwamba jambo hili lina jina, wasomi wanaliita bahati ya kimaadili. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walilijadili kwa maandishi, na mfano wao mmojawapo ni dereva wa lori aliyemgonga mtoto. Nagel anasema mfikirie dereva aliyepuuza kukagua breki: mtoto akikatiza mbele yake atabeba kifo maisha yake yote, lakini asipokatiza mtoto, kosa la breki ni lilelile na hakuna atakayelisema. Nilimwambia binti arudie. Watu wa mbali kabisa, ambao pengine hawajawahi kuona Coaster ya Moshi, walikuwa wanaeleza Desemba yangu.

Akanisomea na ya Mskoti Adam Smith, wa mwaka 1759. Yeye alitoa mfano wa mtu anayerusha jiwe kubwa juu ya ukuta hadi njiani bila kuwaonya wapitao, wala hajali litamwangukia nani. Smith aliona kwamba sisi binadamu hukasirika kwelikweli jiwe likimpata mtu, na lisipompata twaliona dogo, wakati mrushaji ni yuleyule na dharau yake kwa wenzake ni ileile. Akasema dola iliyo makini ingemwadhibu hata kama jiwe halikumdhuru mtu. Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Binti alinionyesha pia kwamba Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inatenganisha kosa la kuendesha kwa hatari na kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, na adhabu hazilingani. Sisemi zilingane. Asije mtu akanisoma vibaya. Yule mama alikufa. Nisingeweza kusimama kaburini kwake na kudai kwamba mimi na mwenzangu tuko sawasawa mbele ya ndugu zake. Aliyetoa uhai ana deni ambalo mimi sina: kuzika, kupiga magoti, kuomba radhi, kusaidia yatima, kubeba uso wa marehemu usiku. Deni hilo ni lake hata kama tulitenda jambo moja. Lakini lile tulilotenda, la kushika usukani huku tunajua hatujalala, lilikuwa letu sote wawili, na tajiri alikuwemo. Mwenzangu alilipia lote. Mimi niliimbiwa. Tajiri wake alilipwa na bima, na kabla ya Pasaka kulikuwa na Coaster nyingine barabarani, hesabu ileile, dereva mwingine.

Watanzania tuna msemo kila penye msiba wa barabarani: ajali haina kinga. Nimeusema mara nyingi na mimi. Tairi jipya kupasuka, hilo sawa, halina kinga. Usingizi una kinga, na kinga yake ni kitanda. Breki mbovu kinga yake ni fundi. Tukishasema ajali haina kinga tunakuwa tumewaachia wote waliofanya kama mimi na hawakumkuta mtu pembeni. Kisha, kwa yule mmoja aliyemkuta, tunausahau msemo wenyewe na kutafuta mawe.

Tuna na mwingine, siku za mwizi ni arobaini. Unatufariji, kwamba ukikosea mara nyingi mwisho utanaswa. Mimi nimezeeka nikiwaona wengi ambao arobaini yao haikufika, wakastaafu kwa heshima. Mmoja ndiye anayekuandikia.

Jambo hili haliishii kwa madereva. Tarehe 1 Februari 2020 hapa kwetu, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana katika mkutano wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Nchi nzima ilihoji: milango ilikuwa mingapi, nani aliruhusu, walinzi walikuwa wapi? Maswali ya haki. Lakini mimi nimeshahudhuria mikusanyiko ya dini, ya mpira na ya siasa isiyohesabika, geti moja wazi na mengine yamefungwa kwa mnyororo, watoto mgongoni, giza limeingia, na tulipotoka salama tulisema mkutano ulikuwa wa baraka. Waandaaji wake ni watu wanaoheshimika mpaka leo. Walirusha jiwe lilelile juu ya ukuta.

Na Aprili 2024 pale Muriet, Arusha, mafuriko yalipolisomba gari lililobeba wanafunzi na watoto wakapotea, nililia mbele ya redio, kisha nikaanza kukumbuka. Kila dereva wa Arusha anayajua makorongo yake. Masika moja nilikuta maji yamevuka barabara, magari yamepanga foleni, nikasikia abiria wanasema dereva fundi hasubiri maji. Nikapita. Injini ilikohoa katikati, ikashika, tukatoka. Wakanipigia makofi. Nilikuwa na akina mama wenye watoto wachanga mle ndani. Makofi yale yalinifanya nipite tena masika iliyofuata, na hapo ndipo ninapoona ubaya mkubwa wa kumhukumu mtu kwa kilichotokea tu: aliyebahatika anafundishwa kwamba alifanya vizuri. Bahati inampa cheti. Naye anawafundisha vijana.

Viongozi wetu nao tunawapima hivyohivyo. Masika ikiwa ndogo, mitaro iliyojaa taka haina mtu wa kuisema, na mtendaji anapongezwa kwa mwaka mzuri. Masika kubwa ikija, anafukuzwa yule aliyeripoti ofisini miezi miwili iliyopita.

Mei 8, 2017 nilikuwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid tulipowaaga waliokufa katika ajali ya basi la shule kule Karatu, wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao. Sitaki kusema lolote juu ya dereva yule, alikufa pamoja nao na mimi sikuwepo mlimani. Ninalotaka kusema ni kwamba wiki zilizofuata magari ya shule yalisimamishwa kila kona, yakakaguliwa breki, mikanda, leseni, idadi ya watoto. Mengi yalikutwa mabovu. Magari hayo mabovu yalikuwa yanabeba watoto wiki iliyotangulia, mwezi uliotangulia, mwaka uliotangulia, na wenye nayo walikuwa wanaitwa watu makini kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hakuna mtoto aliyekuwa amekufa ndani yake. Miezi michache baadaye ukaguzi ulilegea. Niliona kwa macho yangu Noah ya watu saba imebeba watoto ambao sikuweza kuwahesabu vichwa.

Najua nitaambiwa: sasa mzee, unataka tufunge kila anayesinzia? Hapana. Jela sikuitaja. Mtu wa ofisini akisinzia, faili linadondoka chini, analiokota. Dereva akisinzia ni mauti. Hiyo nayo ni bahati, kwamba mmoja alizaliwa mahali ambapo uchovu wake haumuui mtu. Kijana wa Hiace ya shule hakwenda Same usiku kwa tamaa. Alikwenda kwa sababu mshahara wa kuendesha watoto haumfikishi tarehe 15. Nikisema awajibike, nasema pia anayemlipa awajibike, na sisi wazazi tunaotaka ada ya usafiri iwe ndogo kila muhula tujitazame.

Ninachotaka ni kwamba tuulize mapema. Mabasi ya mikoani siku hizi yanafungwa kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Wenzangu wengi wanakilalamikia, wanasema kinawabana. Mimi nilipokisikia nilifurahi, maana hicho kifaa hakiulizi umemgonga nani. Kinauliza ulikuwa unakwenda mwendo gani, saa ngapi, wapi. Anayekamatwa nacho na aliyeua wanasomwa kwenye karatasi moja. Askari wa tochi, ile ya kupima mwendo, naye, pamoja na manung'uniko yetu yote juu yake, anapokuandikia elfu 30 katika barabara tupu isiyo na mtu, anafanya kazi ambayo usharika wangu ulishindwa kunifanyia: anakuadhibu kwa kosa lako, siyo kwa bahati yako. Ningetamani pawe na tochi ya usingizi. Kwa kuwa haipo, mwenye gari ana wajibu wa kuuliza, na kuandika kwenye daftari, dereva ametoka wapi na amelala saa ngapi. Aprili 2015 madereva tulipogoma, moja ya hoja zetu ilikuwa mikataba. Watu walidhani tunataka fedha tu. Mkataba ungekuwa na saa za kazi ndani yake, na saa za kazi ndizo zingempa mwenzangu usingizi.

Alitoka gerezani, hakushika tena usukani. Ana duka dogo la vipuri vya pikipiki. Kila Desemba anapeleka sukari, unga na mafuta nyumbani kwa wazazi wa marehemu, kule Masama. Miaka ya kwanza walimkatalia, alikuwa anaacha mzigo kwa jirani. Mwaka jana nilimwomba niende naye. Tulikuta bibi amekaa chini ya mgomba anachambua maharage. Akampokea mwenzangu kwa jina, kisha akanigeukia.

"Na wewe, baba, ni nani?"

Nikamwambia ni dereva mwenzake.

"Wewe ulimuua nani?"

Nikasema, sikumuua mtu, mama, lakini wiki moja kabla yake nami nilisinzia. Alinitazama kwa muda. Nilidhani atanifukuza. Akasogeza kigoda kwa mguu, akaita ndani waongeze kikombe.

Narudi kwa shule, ambayo sitaitaja, maana naamini zipo nyingi zinazofanana nayo. Naomba walimu wakuu wote wa Moshi na Arusha wenye magari ya watoto wajibu mambo mawili kwa wazazi kabla muhula haujaisha: dereva wenu analipwa kiasi gani, na anaruhusiwa kuendesha gari lingine usiku? Mimi nimeshauliza kwa barua, nakala ninayo, sijajibiwa. Kijana yule bado anapita kwetu. Kila asubuhi ninakuwa barabarani saa kumi na moja na robo na chupa ya chai, ninamwangalia macho, na siku mbili nimemshusha mtoto nikampeleka mwenyewe kwa miguu. Wale wengine kumi na sita waliondoka naye.

Dereva mstaafu,
Pasua, Moshi.
(Jina langu unalo, naomba lisichapwe.)